Majina Yanayochongwa Kinyume

Katika historia ya sanaa ya Kenya kama inavyosimuliwa kwa kawaida, Kiamaiko haimo. Msimulizi hufuata vituo vya sanaa vya Nairobi: huanzia Paa ya Paa, akapitia Gallery Watatu, akafika Kuona na GoDown, na katika safari hiyo yote havuki Pangani kuelekea mashariki. Kiamaiko iko huko, imebanana na Huruma, Mathare na Kariobangi, na tangu uchaguzi wa 2013 ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Mathare. Wanaoijua wanaijua kwa mbuzi. Malori hushuka kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo yakiwa yamesheheni, wafanyabiashara wa Kiborana na Kiburji hupokea mifugo, machinjio huanza kazi alfajiri, na kufikia mchana nyama imesambaa katika bucha na vibanda vya choma kote jijini. Magazeti yakiitaja Kiamaiko, huitaja kwa bei ya mbuzi, kwa maji machafu ya machinjio au kwa risasi za polisi. Hata hivyo, kando ya barabara hizohizo wanamoswagwa mbuzi hupita kila siku maonyesho makubwa ya sanaa yasiyo na tiketi wala mlinzi mlangoni, nayo ni matatu, magari ya abiria ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi. Ninachotetea hapa ni kwamba kumbukumbu iliyo aminifu zaidi ya maonyesho hayo imewekwa na wachapaji, yaani wasanii wanaochonga mtaa juu ya ubao au bamba na kuutia wino, na kwamba kazi yao inapaswa kusomwa kama heshima ya fundi kwa fundi mwenzake.

Heshima hiyo haieleweki mpaka ikumbukwe jinsi sanaa ya matatu inavyokufa haraka. Jina lenyewe la matatu lilitokana na nauli ya senti 30, sarafu tatu za senti 10, na hadi 1973 magari hayo yalikuwa yakifanya kazi kwa kuvizia. Mwaka huo Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikidaiwa, na ushindani ukazaliwa papo hapo. Kufikia miaka ya 1990 wenye magari walikuwa wameshatambua jambo ambalo wauza bidhaa wengi hulipia gharama kubwa kulijua: kijana wa Eastlands ataliacha gari tupu lipite, asimame kwenye vumbi au mvua, ili apande lile linalosemwa. Hapo ndipo karakana zilipogeuka kuwa shule za sanaa bila kujiita hivyo. Kulikuwa na fundi wa bodi, fundi wa taa, fundi wa muziki, na juu yao wote mchoraji, aliyechora sura ya Tupac au ya Bob Marley kwenye bati lenye mikunjo, akijua kwamba mlango utafunguka katikati ya shavu na dirisha litakata paji la uso. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kutumika Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa njano ubavuni. Kazi ya muongo mzima ilifunikwa kwa rangi katika muda wa wiki chache. Grafiti ilirejea kwa kujificha, ikapata nafuu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuwatetea hadharani vijana wa matatu, na ikaingia mashakani tena katika msako wa matatu wa Novemba 2018. Na hata serikali ikinyamaza, biashara yenyewe hufuta. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ikishapitwa na mpya, hupakwa upya au huuzwa ikafanye kazi mahali ambapo hakuna anayejali sura yake. Mchoraji wa matatu anajua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake haitamfikia mjukuu wake.

Dennis Muraguri ameifanya hali hii kuwa somo la maisha yake ya usanii. Alisomea Buruburu Institute of Fine Arts, chuo kilichokuwa ndani ya Eastlands yenyewe, na ingawa pia ni mchongaji wa vinyago vya vitu vilivyookotwa, anajulikana zaidi kwa chapa zake za ubao zinazoonyesha matatu za Nairobi zikiwa kazini: makanga wananing'inia mlangoni, vibandiko vimejaa kiooni, maandishi yanagombania nafasi na sura za watu, na mtaa mzima umeinama kidogo kana kwamba nao unaendeshwa kwa kasi. Wengine wamemtangulia au kwenda sambamba naye katika ufundi wa kuchapa. Peterson Kamwathi alianza kutambulika kwa chapa kabla ya michoro yake mikubwa ya mkaa, na Thom Ogonga amechonga usiku wa Nairobi na watu wake. Lakini Muraguri ndiye aliyechukua kazi ya wachoraji wengine, wale wa karakana, akaifanya kiini cha kazi yake mwenyewe. Kila chapa yake, kwa hiyo, ni mchoro ndani ya mchoro.

Hapa ufundi wenyewe ni ushahidi, hivyo unafaa kuelezwa. Katika chapa ya bamba, shaba hupakwa nta, msanii huchora kwa sindano mpaka chuma kionekane, kisha bamba hutoswa katika tindikali, nayo hula pale tu sindano ilipopita. Wino hujazwa katika mikwaruzo hiyo, sehemu nyingine hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu. Katika ubao mambo hugeuka: patasi huondoa kile ambacho hakitaonekana, na kinachobaki kimesimama ndicho kinachoshika wino. Kwa njia zote mbili picha hutoka imegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Fikiri basi maana ya hilo kwa mtu anayechonga matatu. Matatu ni maandishi mwanzo hadi mwisho: namba ya njia, jina la gari, majina ya wanamuziki, misemo ya kanisani na ya vijiweni, matusi yaliyofichwa ndani ya Sheng. Mchapaji lazima achonge kila herufi kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, akiangalia kivuli ambacho mchoraji wa kwanza alikipa herufi hiyo na pembe aliyoikata. Hawezi kuipita kwa macho tu. Analazimika kuamua tena, mstari kwa mstari, kila alichoamua mwenzake wa karakana, na muda wake huenda ukawa mwingi kuliko wa mwenzake. Huko ndiko kusoma kazi ya mtu kwa mkono, na mimi sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo miongoni mwa mafundi.

Jambo hili lina mfano wa kale, nao unafanana mno na wetu kiasi kwamba si haki kuuacha. Charles Meryon, aliyezaliwa Paris 1821, alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa na alifika hadi New Zealand kabla ya kuacha bahari kwa ajili ya sanaa. Macho yake hayakuweza kutofautisha rangi vizuri, hivyo aliiacha brashi akashika sindano na tindikali. Alijifunza kwa kunakili mabamba ya Reinier Nooms, Mholanzi wa karne ya 17 aliyeitwa Zeeman, yaani baharia, ambaye miaka 200 kabla yake alikuwa amechora meli, bandari na pia kingo za mto wa Paris. Kati ya 1850 na 1854 Meryon akatoa mfululizo wake wa chapa za Paris: madaraja, minara, vichochoro, jumba la maiti kando ya mto. Mfululizo huo aliutunukia Zeeman, na kwa kufanya hivyo alichora bamba la pekee lenye jina la bwana huyo na maneno ya kumshukuru. Wakati uleule jiji alilolichora lilikuwa likibomolewa. Mnara mdogo wa mtaa wa Tixéranderie ulikwisha kuangushwa alipotoa chapa yake 1852, na mwaka uliofuata Haussmann akapewa mamlaka ya kulipasua jiji lote kwa barabara pana. Meryon alikufa 1868 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Leo anayetaka kuijua Paris iliyotangulia zile barabara hupitia mabamba yake, na akiyapitia hukutana na jina la Zeeman mlangoni.

Sileti mfano huu ili kuipa Nairobi cheti kutoka Ulaya. Nauleta kwa sababu unaonyesha kwamba mambo matatu huenda pamoja: mtaa unaotoweka, fundi aliyetangulia, na mchapaji anayejifunza kwa kurudia kazi ya yule aliyetangulia mpaka imkae mkononi. Nairobi ina yote matatu. Ina pia njia nyingine za kumheshimu msanii mwenzio, na kuzilinganisha kunasaidia. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi 1984, alipopewa kumbi za Royal Academy mjini London mwaka 2021, alitenga nafasi ya kazi za wasanii sita wa Afrika Mashariki waliomjenga: Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu. Lilikuwa tendo la heshima kubwa, na taasisi aliyoianzisha Nairobi, Nairobi Contemporary Art Institute (NCAI), imeliendeleza kwa maonyesho kamili ya kazi za Sane Wadu. Lakini njia hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho mchoraji wa matatu hana, yaani kazi iliyosalia. Turubai la Musoke linaweza kusafirishwa na kutundikwa. Ubavu wa nganya uliofunikwa kwa rangi mwaka 2004 hauwezi. Pale ambapo kazi yenyewe imekwisha kufutwa, heshima inayobaki ni kuifanya upya katika kitu kinachodumu, na ubao uliochongwa hudumu.

Mtu atauliza kwa nini tusiridhike na picha za simu. Ni swali la haki, maana mashabiki wa nganya wamezipiga maelfu kwa maelfu, na bila shaka mwanahistoria wa kesho atazihitaji. Lakini picha ya simu huhifadhi sura ya gari bila kuhukumu chochote. Mchapaji hulazimika kuchagua, na katika kuchagua hutoa hukumu ya kitaalamu: huu ndio mstari uliobeba kazi, ule ulikuwa pambo. Hukumu ya namna hiyo kutoka kwa mtu wa kazi ndiyo inayokosekana katika maandishi yetu kuhusu matatu, ambayo hukimbilia sauti za vijana na takwimu za uchukuzi na kumwacha mchoraji nje kabisa. Tena chapa hutoka nakala nyingi kutoka ubao mmoja. Haimilikiwi na ukuta mmoja, na katika hilo inafanana na gari lililotembea njia nzima kutwa likitazamwa na asiyelipa.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani. Elimo Njau, mwana wa Kilimanjaro aliyeanzisha Paa ya Paa na wenzake 1965, aliwafundisha wasanii wa Afrika Mashariki kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Alilisema hilo akipigana na mazoea ya kunakili Ulaya na ya kuchongea watalii, na vita hivyo vilikuwa vya lazima. Je, chapa ya matatu si mwigo wa mwigo? Mchoraji wa karakana amenakili uso wa mwanamuziki wa Marekani kutoka kwenye kasha la kanda, na mchapaji amenakili karakana. Nadhani jibu liko katika kutazama kile kinachobadilika kila hatua. Uso wa Tupac ukishapita juu ya bati la Isuzu, umekatwa na dirisha, umepewa jina la njia na jirani wa kushoto ambaye ni aya ya Biblia, si mali ya Los Angeles tena. Ukishapita kwenye patasi, ukapoteza rangi zake nyingi na kupata ukali wa mkato wa ubao, umekuwa kitu cha tatu. Mwigo ambao Njau aliukataa ni ule unaofanywa ili kukwepa kazi ya kuona. Hapa kazi ya kuona imefanywa mara mbili, na watu wawili tofauti, na wa pili amekiri kwa wazi kwamba wa kwanza alikuwapo. Wanaosema kwamba ubao si shaba, na kwamba hivyo mlinganisho na Meryon umepinda, wana haki kuhusu kemia na hawana zaidi ya hapo.

Wapo wengine watakaosema kwamba matatu haistahili heshima ya namna yoyote. Inaua, inahonga, inamtukana abiria mwanamke, inapandisha nauli mvua ikinyesha. Hayo yote ni kweli, na Michuki hakutunga kanuni zake kwa chuki ya sanaa. Watu walikuwa wakifa barabarani. Lakini mkono uliochora ubavu wa gari sio mguu uliokanyaga mafuta, na kosa la kanuni za 2004 lilikuwa kuwaadhibu wote wawili kwa sheria moja. Mkanda wa usalama ulimlinda abiria. Mstari wa njano uliotambulisha gari la abiria ulikuwa na kazi yake pia. Kufuta michoro hakukumwokoa mtu. Tena chapa nzuri ya mtaa haisafishi mtaa. Meryon aliliweka jumba la maiti kati ya mabamba yake, na kwenye bamba hilo maiti hubebwa mchana kweupe watu wakitazama. Chapa za matatu nazo huonyesha msukumano, hatari ya mlango ulio wazi, uchovu wa wanaorudi nyumbani usiku. Anayeheshimiwa ni fundi, na biashara inaonyeshwa ilivyo.

Inabaki hoja ya pesa na majina, na hii siwezi kuijibu kwa kuishinda. Chapa ya matatu ikitundikwa katika ukumbi wa sanaa, jina lililo chini yake ni la mchapaji, na atakayeinunua pengine hajawahi kupanda gari la Huruma. Mchoraji aliyebuni herufi zile hapati chochote. Ni rahisi kusema kwamba hana jina, lakini si kweli. Moha Grafix ni jina linalotambulika mara moja kwa shabiki yeyote wa nganya, na karakana nyingi huweka saini zao pembeni mwa kazi, kwa herufi ndogo ambazo abiria hawazioni ila washindani wao huzitafuta. Kwa hiyo majina yapo, na kama yapo basi heshima isiyoyataja ina upungufu. Meryon hakuacha watu wakisie kwamba amejifunza kwa Zeeman. Alilichora jina kwenye shaba. Hapo ndipo nadhani wachapaji wetu bado wana deni. Wamelipa sehemu kubwa kwa jasho la mkono, imebaki sehemu ndogo inayolipwa kwa herufi chache. Kuhusu fedha, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi za sanaa bila kuuliza kama zilichorwa juu ya turubai au juu ya bati, na hakuna sababu ya mchoraji wa karakana kuonekana kama aliye nje yake.

Tukirudi Kiamaiko kwa jicho hili, mtaa huo unaonekana umejaa kazi ambazo hazijatajwa. Bucha za Nairobi kwa muda mrefu zimetangazwa kwa vibao vya mkono: mbuzi amesimama wima mwenye shingo ndefu kupita kiasi, paja la nyama jekundu lenye mstari mweupe wa mafuta, bei imeandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Joseph Bertiers, ambaye leo kazi zake zinasafiri nje ya nchi, alianza kwa kuchora vibao kama hivyo Dagoretti, mtaa mwingine wa machinjio, na umati uliojaa katika picha zake una asili katika kazi ile ya kulazimisha mteja asimame. Dagoretti imetoa Bertiers. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mikono ya Kiamaiko ni mizito zaidi. Tofauti ni kwamba vibao vya upande huu huondoka pamoja na kuta zake. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua zaidi ya watu 50. Mei 2020, katikati ya janga la korona, matingatinga yaliingia Kariobangi na maelfu ya watu wakalala nje. Anayeomboleza watu na nyumba katika siku kama hizo hana nafasi ya kuomboleza kibao cha bucha, na hapaswi kulaumiwa. Ndiyo maana kazi hiyo inahitaji mtu aliyeianza mapema, kabla ya tingatinga, akiwa na ubao na patasi na muda.

Na akiianza, itambidi aanze na majina. Jina la karakana, jina la mchoraji wa nganya, jina la kijana aliyempa mbuzi wa bucha shingo ile ndefu, yote yatachongwa kinyume, herufi ya mwisho ikitangulia, na kwa siku nyingi mezani hayatasomeka kwa mtu yeyote isipokuwa yeye, mpaka ubao upakwe wino, karatasi ilazwe juu, na nakala ya kwanza iinuliwe.